UONGOZI NI AMANA: UADILIFU NA HURUMA KATIKA KULIONGOZA TAIFA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu wa madrasa, wazazi na vijana)

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Ambaye utawala wa mbingu na ardhi uko mkononi Mwake peke Yake, na kila mwenye madaraka duniani ni mja Wake atakayerejea Kwake mikono mitupu. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake, sahaba zake, na wote waliofuata mwenendo wake kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.



Tumetakiwa tuzungumze juu ya mafundisho ya dini kuhusu kiongozi wa taifa aliye mwadilifu na mwenye huruma. Mada hii ina hatari yake. Mara nyingi inapotajwa, wasikilizaji hukaa vizuri na kungoja kusikia mabaya ya wakubwa, kisha hurudi majumbani wakiwa wameridhika kwamba wenye makosa wametajwa, na wao hawamo. Lakini tukiisoma Kurani Tukufu kwa makini, tutaona kwamba maneno juu ya uongozi hayaanzi kwa yule aliyekikalia kiti. Yanaanza kwa yule aliyemkabidhi kiti hicho. Basi tutaifupisha mada yetu katika neno moja, nalo ni amana.

UFUNGUO WA KAABA

Katika Sura An-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu anawaamuru waumini wazikabidhi amana kwa wanaostahiki kuzipokea, na kwamba wanapohukumu baina ya watu, wahukumu kwa uadilifu. Tazameni mpangilio wake. Amana imetangulia, kisha hukumu ikafuata. Cheo kikiwekwa katika mkono usiofaa, uadilifu hauna tena mahali pa kusimama.

Wafasiri wengi wanaieleza aya hii kwa tukio la kutekwa Makka, mwaka wa 8 Hijiria (630). Ufunguo wa Kaaba ulikuwa kwa Uthman bin Talha, ambaye ukoo wake ulikuwa ukiutunza tangu zama za Jahilia. Mtume (s.a.w.) aliuchukua, akaingia katika Nyumba hiyo tukufu, akaisafisha na masanamu. Siku ile hapakuwa na mtu Makka ambaye angeweza kumzuilia jambo. Jamaa zake wa karibu walitamani ufunguo ule uwe kwao, pamoja na heshima ya kuwanywesha mahujaji ambayo tayari walikuwa nayo. Mtume (s.a.w.) akamwita Uthman bin Talha akamrudishia. Mpaka leo, zaidi ya miaka 1,400 baadaye, ufunguo ule ungali katika ukoo wa Bani Shayba.

Jambo hili si dogo. Mshindi ameingia mji uliomfukuza, ana jeshi nyuma yake, na ndugu zake wa damu wanaomba cheo. Kwa kawaida ya dunia, huo ndio wakati wa kugawiana. Yeye alirudisha kitu kwa mwenyewe, naye hakuwa miongoni mwa jamaa zake.

Sheikh Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka wa 728 Hijiria (1328), alikitunga kitabu chake cha As-Siyasa Ash-Shar'iyya juu ya msingi wa aya hii na ile inayoifuata. Anaeleza kwamba anayeacha kumteua mwenye kufaa zaidi, akamteua mwingine kwa sababu ya undugu, au urafiki, au kwa kuwa wametoka mji mmoja, au wana madhehebu moja, au kwa sababu ya rushwa, basi huyo amemfanyia hiana Mwenyezi Mungu, Mtume Wake na waumini. Orodha hiyo iliandikwa karne nyingi zilizopita, lakini ni nani kati yetu asiyeitambua? Huyu ni wa kwetu. Huyu tumesoma naye. Huyu ni wa kabila letu. Huyu tunaswali naye safu moja. Mwanazuoni yule hakuitoa hata hiyo ya mwisho.

NGUVU NA UAMINIFU

Je, anayestahiki ni nani? Kurani inatupa sifa mbili. Katika Sura Al-Qasas, aya ya 26, binti wa mzee wa Madyan anampendekeza Nabii Musa (a.s.) kwa baba yake kwa sababu ana nguvu na ni mwaminifu. Na katika Sura Yusuf, aya ya 55, Nabii Yusuf (a.s.) anapoomba kusimamia hazina za nchi ya Misri, hajitaji kwa nasaba yake ingawa alikuwa mwana wa Mtume, mjukuu na kitukuu wa Mitume. Anajitaja kuwa ni mtunzaji na mwenye ujuzi. Kisha akasimamia chakula cha miaka 7 ya neema kiwafae watu katika miaka 7 ya njaa. Misri ile haikuwa nchi ya waumini, na waliookoka kwa ghala zake hawakuulizwa dini zao.

Basi uaminifu bila uwezo hautoshi. Sahaba Abu Dharr (r.a.) alikuwa mcha Mungu ambaye ukweli wake ulisifiwa na Mtume mwenyewe (s.a.w.). Alipoomba apewe madaraka, Mtume (s.a.w.) alimgonga begani kwa mapenzi, akamweleza kwamba yeye ni dhaifu, na kwamba madaraka ni amana, na Siku ya Kiyama yatakuwa fedheha na majuto, ila kwa aliyeyachukua kwa haki na akatimiza yanayompasa. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Tunajifunza hapa kwamba kumnyima mtu mwema cheo asichokiweza ni kumhurumia yeye, na ni kuwahurumia wale ambao angewaongoza.

UADILIFU USIOJUA JAMAA

Sifa ya kwanza ya kiongozi ni uadilifu, na kipimo chake hakipatikani kwa maadui. Kumhukumu adui ni rahisi. Kipimo chake ni mtu wako mwenyewe. Ndiyo maana Sura An-Nisaa, aya ya 135, inawataka waumini wasimamishe haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao. Upande wa pili, Sura Al-Maida, aya ya 8, inakataza kuwachukia watu kusitufanye tukaacha kuwatendea haki. Mapenzi yasipindishe mizani, na chuki nayo isipindishe.

Bukhari na Muslim wamesimulia habari za mwanamke wa kabila tukufu la Bani Makhzum aliyeiba. Wakubwa wa Kuraishi waliona aibu, wakamtuma Usama bin Zayd (r.a.), kijana aliyependwa sana na Mtume (s.a.w.), aende kumwombea. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akasimama akawaeleza watu kwamba mataifa yaliyotangulia yaliangamia kwa sababu mkubwa akiiba waliachilia, na mnyonge akiiba walimwadhibu. Akaapa kwamba hata angekuwa Fatima binti yake, hukumu ingekuwa ile ile.

Ndugu zangu, zingatieni kwamba hakusema mataifa yale yaliangamia kwa kukosa sheria. Sheria walikuwa nayo. Waliangamia kwa kuwa na sheria moja yenye milango miwili.

Khalifa wa pili, Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), aliyeongoza kuanzia mwaka wa 13 hadi wa 23 Hijiria (634–644), alikuwa na desturi kwamba anapowakataza watu jambo, hurejea kwanza nyumbani kwake, akawakusanya jamaa zake, akawaonya kwamba watu wanawatazama kama ndege anavyoitazama nyama, na kwamba atakayevunja katazo lile kati yao, atampa adhabu maradufu kwa sababu ya ujamaa wake na Khalifa. Kwetu mara nyingi kuwa jamaa wa mkubwa ni ngao. Kwa Umar (r.a.) kulikuwa ni mzigo.

MWAKA WA MAJIVU

Sifa ya pili ni huruma. Sura An-Nahl, aya ya 90, imeiweka hisani mara tu baada ya uadilifu, kana kwamba kimoja hakikamiliki bila kingine. Na Sura Aal-Imran, aya ya 159, inaeleza kwamba kama Mtume (s.a.w.) angekuwa mkali na mwenye moyo mgumu, watu wangemkimbia, kisha inamwamuru awasamehe na awashauri katika mambo. Lakini huruma ya kiongozi si machozi jukwaani. Tuichukue kutoka katika tukio lenye tarehe na hesabu.

Mwaka wa 18 Hijiria (639), Madina na majangwa yanayoizunguka yalipatwa na ukame mkali. Mvua ilikatika, mifugo ikafa, na upepo ukawa unavurumisha vumbi kama majivu. Kwa hiyo Waarabu waliuita mwaka ule Aam ar-Ramada, mwaka wa majivu. Watu wa bara walimiminika Madina wakapiga kambi pembezoni mwa mji. Sayyidna Umar (r.a.) akaandika barua kwa magavana wake akiwataka msaada wa haraka. At-Tabari anasimulia kwamba Abu Ubayda bin al-Jarrah (r.a.) alifika kutoka Sham na ngamia 4,000 waliobeba chakula.

Ibn Saad, katika kitabu chake cha Tabaqat, ametuhifadhia jambo ambalo tungependa kila mwenye madaraka alisome. Usiku mmoja, baada ya watu kula, Umar (r.a.) aliamuru wahesabiwe. Wakapatikana wanaume 7,000 waliokula mbele yake. Hakuishia hapo. Akaamuru wahesabiwe pia wale wasioweza kufika, yaani familia zilizobaki kambini, wagonjwa na watoto. Wakapatikana 40,000. Baada ya siku chache wakahesabiwa tena, na wale wa kwanza wakawa 10,000, na wale wa pili 50,000. Nao walipelekewa chakula huko huko walikokuwa.

Hapo ndipo huruma na uadilifu vilipokutana. Mwenye njaa aliyefika mbele ya kiongozi huonekana, na kumlisha huleta sifa. Lakini wengi wenye haja hawafiki. Mgonjwa hafiki, mjane mwenye watoto wadogo hafiki, mzee wa kijiji cha mbali asiye na nauli hafiki. Kama Umar (r.a.) angehesabu waliokuja tu, angewatendea wema watu 7,000 na kuwadhulumu 40,000, na hakuna ambaye angemlaumu, kwa kuwa wale hawakuonekana.

Na yeye mwenyewe alikula nini? Alijikataza nyama, samli na maziwa mpaka watu wote wavipate. Alikula mkate kwa mafuta ya zeituni mpaka rangi ya uso wake ikabadilika na tumbo lake likawa likiunguruma. Siku moja alichinjwa ngamia kwa ajili ya watu, na wapishi wakamtengea vipande vizuri vya nundu na ini. Alipoambiwa vimetoka kwa ngamia wa siku ile, alikataa, akasema kwa maana kwamba atakuwa kiongozi mbaya mno ikiwa yeye atakula minofu na kuwaachia watu mifupa. Akaletewa mkate na mafuta yake.

Wala hakuwa akitafuta sifa ya ufukara. Kiongozi anayeonja tabu ya watu wake huamka mapema kuitafutia dawa. Aliyeshiba hudhani njaa ni habari tu iliyoletwa na katibu. Mwaka ule ule, Umar (r.a.) aliahirisha kukusanya zaka kwa wenye mifugo mpaka ukame ulipoondoka, na akasimamisha adhabu ya kukata mkono kwa aliyeiba kwa njaa. Hakuivunja sheria ya Mwenyezi Mungu. Alifahamu kwamba mwenye kusukumwa na dharura si mwizi ambaye sheria ilimkusudia.

KILIO CHA MTOTO

Huruma nyingine ya kiongozi ni kukubali kwamba amri yake, hata iliyotolewa kwa nia njema, yaweza kumdhuru asiye na sauti. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa ameweka posho kutoka Baitul-mali kwa watoto wa Waislamu, nayo ilianza mtoto anapoachishwa ziwa. Bila shaka lilikuwa jambo jema.

Usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulipiga kambi karibu na Madina, naye akatoka pamoja na Abdurrahman bin Auf (r.a.) kuulinda. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake akamnasihi amtulize mwanawe. Baada ya muda kilio kikarudi, naye akarudi. Mara ya tatu, alfajiri ikikaribia, alimwuliza yule mama ana nini na mwanawe hata asitulie usiku kucha. Mama, asiyemjua anayesema naye, akajibu kwamba anamwachisha ziwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyeacha kunyonya.

Umar (r.a.) akaenda kuswalisha swala ya alfajiri, na watu hawakuweza kusikia vizuri kisomo chake kwa jinsi alivyokuwa akilia. Baada ya swala alijilaumu mbele ya watu kwamba huenda watoto wengi wamekufa kwa sababu yake. Kisha akaamuru mpiga mbiu atangaze kwamba watu wasiwaharakishe watoto wao kuacha ziwa, kwani tangu siku ile kila mtoto atapata posho yake anapozaliwa. Na akaandika hivyo kwa miji yote.

Tunawaomba mtazame mambo matatu katika kisa hiki. Alikuwa nje, karibu na watu, hata akakisikia kilio. Aliuliza sababu, wala hakumkaripia mama. Na alipofahamu kwamba kasoro iko katika amri yake mwenyewe, aliibadili asubuhi ile ile, hadharani. Laiti wakubwa wa zama zetu wangejua kwamba kurekebisha amri hakupunguzi heshima. Miaka zaidi ya 1,300 imepita, na kisa hiki kinasimuliwa kuwa utukufu wa Umar (r.a.).

Huruma hiyo iliwafikia pia wasiokuwa Waislamu. Kadhi Abu Yusuf, aliyefariki mwaka wa 182 Hijiria (798), anasimulia katika Kitabu al-Kharaj, alichomwandikia Khalifa Harun ar-Rashid, kwamba Umar (r.a.) alimkuta mzee kipofu wa Kiyahudi akiomba mlangoni mwa watu. Alimwuliza kilichomfikisha pale, akaambiwa ni kodi, haja na uzee. Akamshika mkono akaenda naye nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mtunzaji wa Baitul-mali amwangalie mzee yule na wenzake wa hali kama yake, na akawaondolea kodi. Aliona si haki kula ujana wa mtu kisha kumtupa uzeeni. Sisi tunaoishi katika nchi yenye watu wa dini nyingi tuna haja kubwa ya kisa hiki.

MALI YA KIONGOZI NA HESABU YAKE

Sasa tuseme juu ya hesabu, kwani huruma isiyo na hesabu huishia mifukoni. Umar (r.a.) alipomteua gavana, aliiandika mali yake. Akimwona amezidi kuliko kipato chake kinavyoweza kueleza, alimwuliza, na mara nyingine aliichukua nusu ya ziada akairudisha katika Baitul-mali. Alimtuma sahaba Muhammad bin Maslama (r.a.) kwenda kuchunguza mashtaka dhidi ya magavana huko huko waliko. Na msimu wa Hija aliwakusanya magavana wake, ili mwenye malalamiko aseme mbele yao.

Naye alijihesabu mwenyewe kwanza. Alipopigwa kisu mwaka wa 23 Hijiria (644), akiwa kitandani anaiaga dunia, alimwagiza mwanawe Abdullah ahesabu madeni yake. Yalifika kiasi cha dirhamu 86,000. Mtu ambaye hazina za Uajemi na Sham zilipita mkononi mwake aliusia madeni yalipwe kutoka katika mali ya ukoo wake. Kisha akawateua sahaba 6 washauriane juu ya atakayemfuata, na akaruhusu Abdullah ahudhurie shauri lao bila ya kuwa na fungu lolote katika ukhalifa.

Hapa Tanzania fikra hii si ngeni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya viongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika makampuni, asiwe na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, huko Zanzibar, chama tawala kiliilegeza miiko hiyo. Kisha ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka 1995, inayowataka viongozi kutoa tamko la mali na madeni yao. Mwislamu anayeshika cheo cha umma asiione fomu ile kuwa usumbufu wa serikali. Akiijaza kwa uongo, ajue kwamba ameandika uongo juu ya amana, na ipo daftari nyingine isiyofutika.

ZAWADI YA MGOMBEA

Tumefika sasa mahali ambapo mada hii inatugusa sisi tuliokaa hapa. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka kwa Bani Sulaym. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hizo zingemfuata. Swali hilo ni kipimo cha kila zawadi inayotolewa kwa sababu ya cheo: ondoa cheo, je, zawadi ingekuja?

Kipimo hicho hicho tukigeuze upande wa pili. Anayetafuta cheo analeta mabusati ya msikiti, magunia ya mchele wa futari, tangi la maji la madrasa, kanga za akina mama, nauli za vijana. Ondoa uchaguzi, je, angekuja? Kama alikuwa akija miaka yote, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Lakini kama tunamwona mara moja kila miaka 5, basi hatukupewa sadaka. Tumepewa bei.

Sheria za nchi zimepita katika mtihani huu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, kwa hoja kwamba ni ukarimu wa asili wa Kiafrika. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vile vilikwenda kinyume na Katiba, kwa kuwa viliwabagua wagombea wasio na fedha na vilifungua mlango wa rushwa. Neno takrima kwa asili yake ya Kiarabu ni kumheshimu mtu. Ni masikitiko kwamba neno tukufu kama hilo lilivishwa kitendo kinachomvunjia mtu heshima, kwa kumfanya auze ushahidi wake kwa kilo mbili za sukari.

Tumesema ushahidi kwa makusudi. Anayepiga kura anashuhudia mbele ya Mola wake kwamba fulani anafaa kubeba amana hii. Akimshuhudia kwa sababu ya kilo za sukari, au kwa ukabila, ametoa ushahidi wa uongo, naye ni mshirika katika kila dawa itakayokosekana hospitalini na kila dawati litakalokosekana shuleni kwa sababu ya hiana ya yule aliyemchagua huku akimjua. Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa Kiyama kitakuwa lini, akajibu kwamba amana ikipotezwa, basi kingojewe. Akaulizwa itapotezwaje. Akaeleza kwamba ni pale jambo linapokabidhiwa kwa asiyestahiki. Na wanaokabidhi ni sisi.

WAJIBU WETU

Basi tufanye nini? Tunausia mambo manne.

Kwanza, walimu wenzetu na kamati za misikiti, tuifunge milango ya nyumba za Mwenyezi Mungu kwa wanunuzi wa kura, wawe wa chama chochote. Busati lililochakaa ni bora kuliko jipya linalotufunga midomo. Mwalimu aliyekula kwa mgombea hawezi kumkumbusha akiwa kiongozi.

Pili, tuwanasihi viongozi. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba dini ni nasaha, na akawataja viongozi na watu wa kawaida pamoja. Sayyidna Abu Bakr (r.a.), katika hotuba yake ya kwanza, aliwataka watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akipotoka. Nasaha si matusi, wala si uzushi, wala si kuvunja mali za watu. Vile vile si kusifu kila kitu. Anayemsifu kiongozi kwa asilolifanya anamdhulumu, kwani anamzibia masikio asikisikie kilio cha mtoto.

Tatu, tuwalee watoto wetu katika amana tangu wangali wadogo. Mtoto anayekabidhiwa fedha za mafuta ya taa au chaki za madrasa, akazitolea hesabu hadi shilingi ya mwisho, amekwisha kuanza masomo ya uongozi. Na kiranja anayeandika majina ya wapiga kelele akamwacha rafiki yake, naye ameanza masomo mengine. Tusiyapuuze hayo tukidhani ni ya kitoto.

Nne, kila mmoja wetu ajihesabu katika uchungaji wake. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba kila mmoja ni mchungaji na ataulizwa juu ya aliowachunga: kiongozi kwa raia wake, mume kwa watu wa nyumba yake, mke kwa nyumba na watoto, mtumishi kwa mali ya bwana wake. Anayewabagua wanawe kwa chakula na mavazi hana haki ya kulalamikia ubaguzi wa mikoa. Taifa hupata viongozi kutoka katika nyumba hizi hizi tunazoishi.

Ndugu waheshimiwa, Mtume (s.a.w.) alimtaja kiongozi mwadilifu wa kwanza kati ya watu 7 watakaokuwa katika kivuli cha Mwenyezi Mungu siku ambayo hapatakuwa na kivuli ila Chake. Ametangulizwa mbele ya kijana aliyekulia katika ibada na mtoa sadaka ya siri. Pengine ni kwa sababu ibada ya mcha Mungu humfaa yeye, na uadilifu wa kiongozi huwafaa mamilioni ambao hata hawamjui kwa sura. Yeye (s.a.w.) pia aliomba kwamba atakayetawala jambo la umma wake akawafanyia upole, Mwenyezi Mungu amfanyie upole, na atakayewatia mashakani, naye atiwe mashakani. Dua ya Mtume hairudi. Kila mwenye madaraka, kuanzia balozi wa nyumba kumi hadi mkuu wa nchi, achague mwenyewe awe upande gani wa dua hiyo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu masikio yanayosikia kilio cha usiku, macho yanayowaona wasioweza kufika, na hofu ya siku ya hesabu. Atupe sisi mikono isiyouza amana na ndimi zinazosema kweli kwa adabu. Aijalie nchi yetu na nchi za jirani amani iliyojengwa juu ya haki. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.